Likizo ya Kina Egidi

Benchi letu liko Lizaboni, hapa Songea, mbele ya kibanda changu cha kuchaji simu, jirani na mashine ya kusaga. Mimi wananiita Chaji, na jina la ubatizo limebaki kanisani. Jua likishalegea, Iddi, Myao wa Tunduru, anatua birika lake la kahawa, na watu wanakaa. Fidelisi tunamwita Kamati, kwa sababu hakuna harusi wala msiba mtaani uliopita bila yeye kuwa katibu. Polikarp ni Bandari: aliwahi kupakua mizigo Mtwara, na tangu hapo ughaibuni kote anakujua yeye, kwa kuwa alikuona kukishuka kwenye makontena. Wa mwisho ni Mzee Hironimus. Huyo hakupewa jina la utani. Mwanawe Egidi yuko Kanada na mke na watoto wawili, na sisi tulimheshimu mzee kwa hilo kama vile ni yeye aliyejenga Kanada.

Jumamosi ndiyo siku ya video. Egidi na mkewe Noela wanarekodi maisha yao huko na kuyaweka mtandaoni, na mimi nayafungua kwenye simu yangu, tunabanana vichwa. Tuliwajua wale watu kuliko majirani zetu. Tulijua wanakwenda duka lenye ngazi inayopanda yenyewe, mtoto kakaa ndani ya toroli kama mzigo wa viazi. Tulijua baridi ikikaza wanavaa viatu vyenye chuma chini na kuteleza juu ya ziwa lililoganda. Tulijua joto likija wanafunga nyumba nyuma ya gari, wanaiburuta mpaka porini na kulala huko kwa hiari yao, jambo ambalo Iddi hajalielewa mpaka leo. Hata mbwa wao tulimjua. Anaitwa Biskuti, na daktari wake anapiga simu nyumbani kukumbusha siku ya sindano. Hapo Mzee Hironimus alikuwa akinyoosha mguu wake uliovimba, anaukanda taratibu, anasema: «Wanaishi vizuri.»

Mwezi wa kumi Egidi alipiga simu. Krismasi wanakuja wote. Mzee akaacha shamba likasubiri, akajenga choo cha kukalia ndani ya nyumba, maana watoto wa kule hawajui kuchuchumaa. Mkewe, Mama Egidi, akatafuta masuku mazuri sokoni, akayapanga kwenye beseni chini ya kitanda ili wajukuu waonje tunda la kwao. Karibu na sikukuu simu ikaja tena: tiketi zimeshindikana, mwakani Mungu akijalia. Masuku yakaoza. Jogoo waliowekewa wageni wakachinjwa na kuliwa na wazee wawili.

Sasa ilikuwa Januari, mvua imepiga asubuhi nzima. Nilifungua simu kabla mzee hajafika. Video mpya ilikuwa imeandikwa: LIKIZO YETU ZANZIBAR.

— Zanzibar ipi hiyo? Iddi akauliza.

— Iko moja tu.

— Hii hii ya kwetu?

— Hii hii.

Kamati akavaa miwani, akasoma mwenyewe, akavua.

— Ifunge. Mwambie bando limeisha.

— Nimwongopee mzee wa watu?

— Njia ya mwongo ni fupi, Chaji, akasema Kamati. Kwa hiyo tutafika haraka. Ifunge.

Nikaifunga. Mzee Hironimus akatokea na mwavuli wake, tukampa shikamoo, akaitikia, akakaa mahali pake. Iddi akammiminia kahawa. Mzee akaangalia simu iliyokuwa imelala kifudifudi.

— Wametoa?

— Bando limeisha, mzee, nikasema.

Akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa vocha.

— Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo, nikaona aibu. Leo nimenunua mimi.

Kamati akatazama mashine ya kusaga kana kwamba hajawahi kuiona. Nikaikwangua vocha, nikaingiza namba. Nikafungua.

Ilianza uwanja wa ndege. Leonce, yule mjukuu mkubwa, alikuwa anakimbia na begi la mgongoni, nyuma yake bango kubwa la kukaribisha wageni. Mzee akalisoma kwa sauti, silabi moja moja, kama anavyosoma somo siku ya zamu yake jumuiyani. Ka-ri-bu Za-nzi-bar. Halafu likaja bwawa la hoteli, Noela na miwani ya jua, binti mdogo ananyweshwa dafu. Egidi alikuwa amenenepa. Akaelekea kwenye kamera akasema kitu kwa Kiingereza, akafungua mikono miwili kuonyesha bahari, kama mtu anayeonyesha shamba lake.

— Hii ni ya lini? mzee akauliza.

— Ya zamani, Kamati akadakia. Hawa watu wa video hawana mpangilio. Wakikosa kipya wanapasha kiporo. Wahenga walisema ya kale ni dhahabu.

— Leonce hana jino la mbele hapo.

— Eeh?

— Siku ya Krismasi tuliongea nao kwa simu ya picha. Jino lilikuwepo, linachezacheza. Bibi yake akamwambia likitoka alirushe juu ya paa. Mama yake akamtafsiria. Hapo halipo.

Kamati akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja, ikamchoma, akavumilia. Bandari akaona zamu yake imefika.

— Mzee, mimi nikwambie ukweli. Hapo hawapo Zanzibar. Hiyo ni kompyuta. Siku hizi kuna akili mnemba. Unaiambia nipeleke Zanzibar, inakupeleka, nawe umekaa sebuleni Kanada na soksi zako mbili mbili. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na wale kila kitu chao kinang'aa.

— Na hilo jasho? Iddi akauliza. Shati la Egidi limelowa mgongoni. Kompyuta inatoa jasho?

— Inatoa hata machozi.

— Polikarp, mzee akasema kwa upole, huyo ni mwanangu. Najua anavyotoka jasho.

Kwenye simu walikuwa wanakula. Meza ilikuwa ndefu, Leonce anakataa samaki, analetewa chipsi.

— Basi ni mvua, akasema Kamati. Walikuja kweli, wakataka kufika, wakaambiwa njia imeharibika kule Lukumburu. Mabasi yanalala njiani. Na watoto wadogo wale. Haraka haraka haina baraka.

— Ndege inatua Ruhuwiko, mzee akajibu. Tunaisikia tukiwa hapa hapa.

— Ndege ndogo ile, mzee wangu. Na damu ni nzito kuliko maji. Familia nzima isingebebeka.

Kamati mwenyewe aliinamisha kichwa baada ya kusema.

Iddi hakuwa na kawaida ya kuingilia. Kazi yake kumimina. Lakini siku ile na yeye alijaribu.

— Wallahi, inawezekana ni bima. Nimesikia watoto wa kule wana bima ya matibabu. Huenda inaishia visiwani. Wakivuka maji kuja bara, imekatika. Akiumwa na mbu wa Songea, hakuna wa kulipa.

— Mbu wa Zanzibar wana ruhusa? mzee akauliza.

— Sijui, mzee wangu.

— Mimi namlaumu mwanamke, Bandari akaanza. Mwanamke akishaonja...

— Noela usimguse.

Mzee Hironimus hakupandisha sauti, lakini Bandari alifunga mdomo.

— Noela ndiye anayepiga simu, mzee akaendelea. Kila mara ni yeye. Anauliza mguu, anauliza mama, anauliza mvua. Egidi anapewa simu mwishoni aseme shikamoo. Nasikia anavyoambiwa: chukua, msalimie baba yako.

Hilo hatukuwa tunalijua. Muda wote tulioangalia video zile, hatukuwahi kulijua. Sisi tulijua jina la mbwa.

Bandari aliona amevunja chungu, akataka kukiunga kwa chochote kilicho karibu.

— Basi sikiliza, mzee. Hii niliipata kwa baharia mmoja pale Mtwara. Kanada wanakagua viatu. Ukirudi na mchanga mweupe wa pwani, unapita. Ukirudi na udongo mwekundu wa huku kwetu, wanaupima, wanasema una wadudu wa mazao. Wanakurudisha na familia yako yote. Egidi anaogopa kupoteza kazi. Amekuja mpaka mlangoni, amechungulia, udongo ndio umemfukuza.

Ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote. Lakini niliona Kamati anatikisa kichwa kuukubali, na Iddi anasema naam, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema hata mimi nimewahi kusikia. Nilitamani sana iwe kweli. Ingekuwa kweli, tungeulaumu udongo tukaenda kulala.

Mzee akatuangalia mmoja mmoja.

— Mnanihurumia.

— Hapana, mzee.

— Mnanihurumia, na mimi nashukuru. Lakini nikitoka hapa naenda nyumbani. Mama Egidi ataniuliza wametoa nini leo. Nikamwambie habari za udongo?

Mzee akaichukua simu mkononi mwangu, akaishika mwenyewe, akaisogeza karibu na macho.

Wakati huo akaja mama mmoja kijana na chaja imening'inia mkononi. Alikuwa mwalimu Ekaristia, amehamishwa kutoka Lusewa, anafundisha Kiingereza sekondari. Amepanga nyumba ya nyuma ya mashine, ana wiki hata haijaisha.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba mwalimu.

— Naomba kuchaji. Umeme wa kule nilikopanga una kasoro.

Nikapokea simu yake, nikaichomeka. Iddi akamsogezea kikombe, mwalimu akakaa pembeni ya mzee. Kutoka pale aliweza kuona video. Walikuwa wamefika kwenye kile kisiwa chenye kobe wakubwa. Leonce alikuwa amechuchumaa vizuri kabisa mbele ya kobe mmoja, ameshika majani. Mtembezaji wageni, kijana mwenye kofia, akainama akamwuliza mtoto kitu kwa Kiingereza. Leonce akatikisa kichwa na kumjibu. Sauti ya Egidi ikasikika nyuma ya kamera, inasema kitu, inacheka.

Sehemu za Kiingereza sisi huwa tunazipita. Wakicheka, tunacheka. Lakini mzee akamgeukia mgeni.

— Mwalimu, samahani. Wanasemaje hapo?

Nilinyoosha mkono nichukue simu. Mzee akaisogeza upande wa pili.

— Rudisha nyuma kidogo, baba, nisikie vizuri, akasema mwalimu. Akamrudishia mwenyewe kwa kidole. Akasikiliza huku anatabasamu, maana mtoto yule anapendeza. Huyu mtembezaji, akatafsiri, anamwuliza mtoto: una ndugu hapa Tanzania? Mtoto anasema: hapana, sisi tumekuja kutembea tu.

— Na baba yake?

— Baba yake anamwambia asogee kushoto kidogo, ili aonekane vizuri na kobe.

Iddi aliacha kumimina. Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa, na ungesikia maji yakichuruzika kwenye mtaro. Mwalimu alitutazama, akadhani hatujaelewa, au hadithi haijatufurahisha.

— Lakini huyu baba lafudhi yake ni ya huku huku kwetu, akasema. Nimeisikia hata kwenye Kiingereza. Kwani hawa watoto hawana babu huku?

Kamati alikuwa amejibu maswali ya kila msiba mtaani. Aliangalia ndani ya kikombe. Bandari akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa kandambili. Mimi niligeukia waya wa chaja, nikauchomoa, nikauchomeka tena palepale. Iddi ndiye aliyekuwa ametazamana na mwalimu uso kwa uso, na nilimwona anamwongezea kahawa kwenye kikombe ambacho hakijapungua.

Mwalimu akaanza kufahamu. Aliangalia uso wa mzee, akaangalia simu, akaangalia tena uso wa mzee.

— Baba, akasema polepole. Nisamehe. Mimi ni mgeni.

— Hujakosea kitu, mwanangu. Nirudishie pale mtoto anapojibu.

— Hukusikia vizuri?

— Nimesikia. Amesema hapana, tumekuja kutembea tu.

— Sasa, baba...

— Kwenye simu anasema shikamoo babu, shikamoo bibi, anakimbia. Hayo mengine hasemi, maana lugha hatuelewani. Sijawahi kumsikia akimaliza sentensi nzima.

Mwalimu akarudisha. Mzee Hironimus hakuangalia kioo tena. Aliinua simu, akaibandika sikioni, akainama kidogo na kuziba sikio la pili kwa kiganja, kama mtu aliyepigiwa.