Bismillahi Kabla ya Helmeti

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nimeambiwa nianze mie, kwa sababu kikao kilichopita cha sisi tuliopata ajali wenzangu mlikuwa mnasimulia mifupa iliyovunjika, mie nacheka. Nisameheni. Leo nitasema nilichokuwa nikichekea.

Mnanijua kwa bodaboda hapa Ng'ambo. Wachache mnajua kwamba Jumapili tunafungiwa kipande cha barabara huko shamba, tunashindana pikipiki wawili wawili, mstari ulionyooka. Bendera inapanda, ikishuka unaachia klachi. Mbio ni fupi, kwa hiyo mara nyingi mshindi hujulikana pale pale mnapoondoka. Sikuwa mwepesi kuliko wote, lakini nikiondoka kwa wakati ule ule, leo kama jana.

Kisha Jumapili moja tairi la nyuma likateleza, nikaangukia kichwa. Helmeti ikapasuka, bega likatoka. Hospitali wakalirudisha bega, wakanipima, wakasema kichwa kizima.

Niliporudi mashindanoni, ndugu zangu, nawaambia, sikujijua. Jumapili hii naondoka bendera ingali juu. Inayofuata mwenzangu keshafika mbali, mie nimekaa. Watu wanapiga kelele: "Amka, bwana harusi!" Nacheka nao. Nyumbani sikucheka. Nilishaamua kwamba daktari kakosea, kichwa kimeharibika. Nikisahau funguo, nasema ndiyo hiyo athari. Nikimwita mwanangu kwa jina la mdogo wake, ndiyo hiyo. Mke wangu akiuliza una nini, nasema uchovu.

Viongozi wetu wa mashindano wakaniita. Anayeondoka ovyo ni hatari kwa aliye pembeni yake, na walisema kweli. Wakanipa Jumapili moja ya mwisho.

Nikapangwa na mpinzani wangu wa siku zote, mtu anayenitania hata msibani. Kwenye majaribio nikaondoka kabla. Akazima pikipiki, akanijia.

"Yakhe, unasoma nini humo ndani?"

"Ndani wapi?"

"Ya helmeti. Midomo inacheza."

"Bismillahi. Wewe huanzi jambo kwa Bismillahi?"

"Unaisoma lini?"

"Bendera ikipanda. Nikiimaliza, naachia klachi."

Akaketi chini kwa kicheko. "Sheikh wangu! Bendera huitazami kabisa! Zamani ulitulia, ukiisoma kwa kipimo kimoja. Sasa una hofu. Ikikubana unaikimbiza, unatoka mapema. Ukijizuia unaivuta kama uko kwenye tarawehe, tunakuacha. Isome kabla hujavaa helmeti. Mungu kashakusikia. Bendera iachie macho."

Nikaivua helmeti, nikasoma Bismillahi yangu yote, taratibu, mbele ya watu, nikaivaa. Bendera ikashuka, mkono ukaachia. Tukarudia, ukaachia vilevile. Tukarudia tena. Kumbe kichwa changu kilikuwa kizima siku zote. Nikateremsha kioo cha helmeti, nikalia.

Kwenye mbio zenyewe niliondoka sawa na bendera, ila alinishinda. Nilirudi nyumbani naimba, mke wangu akadhani nimeshinda mie.

Nawashukuru madaktari, niliowasingizia moyoni. Viongozi wangu, kwa ile Jumapili. Mke wangu, niliyemficha na bado akanivumilia. Na yule mtani wangu simtaji, maana kichwa kitamvimba, helmeti isimwenee.

Nilichojifunza ni hiki: hofu ukiificha, kila kitu unakifanya ushahidi wake. Hata funguo. Mwambie mtu, ikiwezekana yule anayekucheka, kwa kuwa huyo anakutazama.

Na mkinikuta kwenye taa za barabarani nimefumba midomo, msiwe na wasiwasi kupanda. Nshasoma.