Mdomo Umeoshwa, Kifua Je?

Treni ilipoondoka, fundi cherehani alikohoa kiganjani, kisha akamgeukia mama aliyeketi kando yake, ambaye tayari alikuwa amesogea dirishani. "Usihofu, dada. Nimesukutua kwa dawa ya kuua vijidudu. Virusi vyote chali!"

"Ndiyo maana unanukia kama peremende," mama akacheka. "Unakwenda wapi na mafua hayo, mzee wangu?"

"Kumpakata mjukuu wangu wa kwanza. Binti yangu alisema asiye mzima asije. Nikamwambia nimepona."

Mama akaacha kucheka. Yeye alikuwa msaidizi wa daktari wa meno. "Kwetu wagonjwa husukutua dawa hiyohiyo. Inaweza kupunguza virusi vya mdomoni kwa muda mfupi, basi. Vya puani na kifuani haivifikii. Ndiyo maana barakoa hatuvui."

"Lakini chupa imeandikwa inaua!"

"Inaua inachokigusa. Kifua umekisukutua?"

Fundi akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Akainamia viatu vyake. Kutojua hakukumtia haya, maana kutojua si dhambi. Kilichomchoma ni lile neno "nimepona": alilisema kabla hata ya kuinunua chupa, akijua bado anaumwa.

Treni ikapunguza mwendo. Binti yake alikuwa amesimama pale kituoni, mtoto kifuani, akipunga mkono.

"Kamwambie ukweli," mama akanong'ona.

Milango ikafunguka. Fundi akavuta ukosi wa shati hadi puani, akashuka, akasimama mbali.

"Baba," binti akauliza, akimnyooshea mtoto, "mbona umejiziba?"