Mkondo, Aliyewapandisha Samaki Juu ya Bwawa

Mpwa wetu, ambaye jina la Mkondo lilimkaa kuliko lile la kwenye cheti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Akili alizitoa kwa wajomba. Anayebisha akamwulize mama yake, ameketi pale mbele.

Alimaliza shule ya msingi 1984, sekondari 1988, kisha chuo cha maji miaka mitatu. Hesabu aliongoza. Kuimba, tunyamaze tu, hayupo kujitetea.

Mwaka 1992 aliajiriwa kwenye bwawa la umeme, mpimaji wa maji. Ukuta ule uliwafungia samaki njia ya kwenda juu kutaga. Aliomba uchimbwe mfereji wa kuuzunguka, na mwaka 2019 akakubaliwa. Shangwe! Kumbe ulichorwa umenyooka, ukasakafiwa laini kama korido ya hospitali. Maji yakashuka mbio, samaki wakarudishwa kinyumenyume.

"Dada, maji si yanapita?" mhandisi mkuu alimwuliza.

"Maji yanapita, bosi. Samaki je?"

Mchoro ulikuwa wake, na alikiri mbele ya wote. Akavunja sakafu, akaupindapinda mfereji, akapanga mawe makubwa na vidimbwi ili maji yapunguze kasi na samaki apate pa kupumzikia. Alitupa maganda ya machungwa majini, akayakimbilia ukingoni saa mkononi, wafanyakazi wakishika mbavu. Ganda likizubaa nyuma ya jiwe, alishangilia kama bao!

Tarehe 5 Desemba 1998 alifunga ndoa na mchomeleaji vyuma, mtu mpole aliyejaliwa subira. Aliihitaji.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022. Aliomba jambo moja tu: asiondoke kabla ya kujua kama samaki wamepanda. Mfereji ulifunguliwa upya tarehe 2 Mei 2023. Tarehe 10, mumewe alimpigia simu wodini akipiga kelele:

"Wamepanda, mama watoto! Wamepanda!"

"Wangapi?"

"Nilifika mia mbili, nikapotea."

"Rudi uanze moja!"

Jioni mumewe aliingia wodini na matope hadi magotini. Mia nne thelathini na moja.

"Waliorudi chini umewatoa?"

"Hakuna aliyerudi, mke wangu."

Alicheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Alifariki asubuhi iliyofuata, saa moja na robo.

Ameacha mama, mume, mabinti wawili, kaka wawili na mjomba mmoja mtanashati. Pumzika kwa raha zako, Mkondo. Leo kabla ya kuja hapa mumeo amepitia mferejini: bado wanapanda.