Programu ni ya Bure, Mimi si wa Bure

Asalaam aleikum, dada zangu. Nikikasirika nasema haraka, mnivumilie.

Wengi wenu hapa Mokowe mnaitumia ile programu ya simu ya kuuzia dukani, isiyohitaji mtandao. Tuliiandika wanawake watatu, katika chumba cha nyuma cha duka la mmoja wetu aliyeuza leso. Ndugu zangu, nawaambia, zile zilikuwa siku tamu! Chai ya tangawizi, mmoja anaandika, mwingine anacheka: "Bi, umekosea tena, duka lako linauza mchele kwa futi!" Tukaiweka wazi mtandaoni, yeyote aichukue, aitengeneze, asilipe. Mtu wa Kiunga tusiyemjua hata sura akatutumia marekebisho. Tulipiga vigelegele kama harusini.

Kisha kampuni moja ya Nairobi ikaichukua, ikaibandika jina lake, ikawauzia wenye maduka huko kwao. Sawa, tuliruhusu wenyewe. Lakini ikiharibika, anaandikiwa nani? Mimi! "Dada, tafadhali rekebisha leo." Wenzangu walishahama, wakaniachia programu. Niko peke yangu, mtoto yuko begani ana homa, natengeneza bure kitu kinachowalipa wao mishahara. Nilikonda hadi maziwa yakakauka. Mume wangu akaniuliza, "Hawa ni ndugu zako wa upande gani?"

Tangu siku hiyo nikaacha kuwajibu wale wa kampuni. Hapo ndipo wakaja na mkataba na sauti laini: watainunua programu yote, kisha waifunge, isitumike bure tena. Na nyumbani hatukuwa na kitu. Nilishashika kalamu. Jirani yangu wa duka la nafaka, aliyekuwa amenibebea mtoto, akasema, "Kwa hivyo na mimi nitauziwa kitu mlichonipa kwa mikono yenu?"

Nikaiweka kalamu chini. Nikawaambia, "Programu ni ya bure, endeleeni nayo. Mimi si wa bure. Mkitaka niitunze, mnilipe kila mwezi." Wakanuna, wakaondoka. Wakarudi, wakakubali kulipa, maana kuajiri watu waiandike upya kungewagharimu zaidi.

Jirani, ahsante. Wenzangu wawili, popote mlipo, ahsanteni. Kile chumba siku hizi ni stoo ya saruji, na kila nikipita mlangoni nasimama kidogo.

Nanyi dada zangu, vitu vyenu vigaweni mkipenda, mimi bado nagawa. Lakini mtu akitaka kazi yenu, mtajieni bei kabla hamjamkaribisha chai.