Madame Languida na R za Watu Wote

Tarehe 30 Juni, Madame Languida Mukandutiye anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika kituo chetu cha mafunzo ya hoteli hapa Gisenyi. Alianza na Kifaransa. Shule zilipogeukia Kiingereza, alikaa dawatini akajifunza upya, bila kununa.

Kilichomsumbua ni irabu zinazotangulia R, kwa kuwa R yake ilitoka kooni. Mwenzetu Kenny, aliyekulia Uganda, alimtania: “Madame, iko mufupa ya tilapia kwa koo?” Naye: “Bon, leta maji basi, usisimame tu!”

Wenye watoto wadogo tunamjua zaidi. Ukichelewa kazini na mtoto mgongoni, alimpakata mtoto kwanza, halafu ndipo akamgombeza mama.

Mwaka jana mwanafunzi wetu Uwimpuhwe aliacha kuja. Wenzake walimcheka alivyotamka “bird”, na I yake wazi na R inayotetemeka. Mtihani wa kuzungumza ulikuwa karibu, na bila huo hoteli isingemwajiri. Madame alipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Kanzenze kwa kina Uwimpuhwe, akaongea na mama yake, akarudi na mwanafunzi wake.

Jumamosi hiyo alipeleka darasa zima kwenye hoteli moja ya ufukweni, akawaomba wageni waliokuwa wakinywa kahawa wasome maneno sita. Mmarekani alisoma “Mary, marry, merry” kwa irabu ile ile. Mama mmoja Mwingereza aliyatenganisha yote matatu, lakini “bird, word, heard” akayapa irabu moja, na R haikusikika kabisa. Kisha mzee wa Skotilandi akasoma haya matatu ya mwisho kila moja na irabu yake, na R ikatetemeka kama ya Uwimpuhwe.

Madame akawageukia waliocheka. “Haya, muchekeni na huyu pia.”

Mzee akauliza kama amekosea.

“Hapana, papa,” Madame akamwambia kwa Kiingereza. “Wewe iko muzuri sana.” Ndivyo Kenny anavyotusimulia, na tunamwamini nusu.

Uwimpuhwe alifaulu. Sasa yuko mapokezi ya hoteli, na wageni wanamwelewa. Madame hakutaka zaidi ya hapo, wala hakukubali pungufu.

Asante, Madame. Nenda ulale mpaka jua lichomoze, sisi tunakuonea wivu. Afya na amani zikukae nyumbani. Na siku ya sherehe, atakayekaribisha wageni kwa Kiingereza ni Uwimpuhwe. Ameomba mwenyewe.