Hesbon Emorut, Mrushaji wa Malaba

Ndugu yetu tunayemsindikiza leo, Hesbon Emorut, alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 huko Kocholia, Teso Kaskazini. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Otukei na Mama Aguti. Mimi ninayesoma ni dada yake mkubwa, Asekenye. Hesbon alitumia mkono wa kushoto tangu utotoni. Mama alijaribu kuufunga kwa kitambaa ili ajifunze kula kwa mkono wa kulia kama wengine, lakini mtoto alikaa mbele ya sahani akiutazama ugali wake ukipoa, hakugusa. Mama akafungua kitambaa. Hakuna aliyemsumbua tena kuhusu mkono huo.

Alisoma shule ya msingi hapa Malaba na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2005, kisha akaenda sekondari Adungosi alikomaliza mwaka 2009. Huko ndiko alikokutana na besiboli. Mwalimu Robinson, aliyesomea ualimu Tororo, Uganda, alirudi Kenya na gunia la glavu kuukuu, mipira michache na gongo moja. Hesbon alipewa mpira arushe, na mwalimu mwenyewe aliyesimama na gongo hakuugusa. Kwa kuwa upande wetu hapakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo, kila Jumamosi walivuka mpaka kwenda Tororo. Mama hakupata raha.

"Toto, ni mchezo tu," Hesbon alikuwa akimwambia, maana sisi Wateso mama ndiye Toto.

"Mchezo gani wa kuvukia nchi ya watu? Ukishikwa huko mimi nitauliza nani?"

Jumamosi jioni Mama alikuwa akienda kusimama kando ya barabara, malori yakiwa yamepanga foleni, akitazama kila anayetokea upande wa Uganda mpaka amwone mwanawe.

Mwaka 2011 marehemu aliajiriwa na kampuni ya kupitisha mizigo forodhani hapa Malaba. Madereva walimpenda kwa sababu hakuwapigia kelele. Jioni na wikendi alicheza besiboli, na Tororo jina lake lilikuwa limeshaenea. Watoto wa huko walikuwa wakimwita kwa jina barabarani. Kwetu Kenya hakuna aliyemjua.

Mwaka 2013 timu ya taifa iliitisha majaribio Nairobi, naye akaenda. Alitusimulia mwenyewe yaliyompata. Ofisa mmoja alimuuliza, "Wewe ni wa wapi?"

"Malaba, boss."

"Malaba ya upande gani?"

"Ya Kenya."

"Mbona unaongea Kiswahili ya Uganda?"

Watu walicheka. Hesbon alirusha mpira, wapigaji watatu wakatoka mmoja baada ya mwingine bila kuugusa, na bado majina yaliposomwa lake halikuwemo. Kocha mmoja wa klabu ya Nairobi, Bwana Willis, alimfuata hadi getini. "Kijana, unajua kurusha kuliko hawa wote," alimwambia. "Lakini hapa wachaguzi wanatuona kila wikendi. Wewe huko nani anakuona? Madereva wa malori? Hamia Nairobi."

Hakuhamia. Alirudi kazini, na kila mwaka majina ya timu yalipokaribia kutangazwa alikuwa hali chakula. Alitembea kando ya malori akienda na kurudi, kola ya shati iko mdomoni. Sisi nyumbani tulijifanya hatujui ni siku gani.

Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa na Vivianne Auma wa Sio Port, aliyekuwa akileta omena, wale dagaa wa ziwani, kuuza soko la Malaba. Siku ya kujitambulisha, baba mkwe, Mzee Protus, alimuuliza kazi yake. Hesbon akasema ni ya forodhani, na pia hucheza besiboli.

"Huo mchezo unachezwa wapi?" Mzee akauliza. "Mbona redio haiutaji?"

"Unachezwa, Mzee. Ni sisi tu hatutajwi."

"Basi siku redio ikikutaja, mimi nitachinja mbuzi."

Walibarikiwa watoto wawili, Aluka na Egesa.

Egesa alikuwa bado tumboni mwaka 2018 Hesbon alipokubali hatimaye kwenda Nairobi kuchezea klabu ya Bwana Willis. Vivianne alilia, kisha akampangia nguo yeye mwenyewe. Aliogopa kujifungua mume akiwa mbali, na aliogopa zaidi kumzuia kisha aje amwone akizunguka na kola mdomoni mpaka uzeeni. Kule Nairobi Hesbon hakujifunza mtupo mpya. Alirusha vilevile alivyokuwa akirusha Tororo. Lakini kabla mwaka haujaisha aliitwa timu ya taifa, na redio ikamtaja.

Siku hiyo Mzee Protus alipiga simu. "Hesbon, nimesikia kuna Emorut mwingine, wa Nairobi, amechaguliwa kucheza hiyo mpira yenu. Ni ndugu yako?"

"Ni mimi, Baba."

"Hapana. Huyo ni wa Nairobi. Wamesema vizuri kabisa, mwana wa Nairobi."

Hesbon alicheka mpaka akaketi chini. Mbuzi wa Mzee Protus aliendelea kula majani.

Mwaka 2019 timu ilikwenda kwenye mashindano ya kanda nchini Uganda. Kabla ya mechi ya kwanza, mtangazaji wa uwanja alianza kuwasoma wachezaji na miji yao. Hesbon alitoka kwenye mstari akamwendea mezani.

"Mzee, samahani. Mimi si wa Nairobi. Sema Malaba."

Mtangazaji alisema Malaba. Upande mmoja wa uwanja, walipokuwa wameketi watu wa Tororo, ulilipuka kwa vifijo. Siku hiyo Kenya ilishinda, naye ndiye aliyerusha hadi mwisho. Jioni kiongozi mmoja wa msafara alimwita kando. "Umetuaibisha. Hii ni timu ya Kenya, si ya kijiji chenu. Sasa wataanza kuuliza kama wewe ni Mganda." Usiku huo usingizi ulimpotea Hesbon, akiwaza kama ameuza nafasi yake kwa neno moja.

Mwaka 2020 baba yetu, Mzee Otukei, alipooza upande mmoja, na Hesbon akarudi Malaba kumuuguza mpaka alipofariki. Timu ya taifa haikumwita tena. Mkono ulikuwa uleule. Hatujui kama ni lile neno la uwanjani au ni kuhama tu kulikomfuta, na yeye mwenyewe hakujua. Jambo hilo lilimsumbua mpaka mwisho, na sisi hatutajifanya kwamba alilisahau.

Kilichompa nafuu kilikuwa uwanja wa Adungosi. Mkulima mmoja alimkubalia shamba lake kila baada ya mavuno ya mahindi, naye akaanza kufundisha vijana wa kike na wa kiume. Miongoni mwao ni Alaso Among, ambaye sasa ana umri wa miaka ishirini na mbili. Hesbon alisema mwanamke huyo anarusha kuliko yeye. Klabu mbili za Nairobi zilimtaka ahamie kwao. Alaso alikataa, na kukataa huko kulimfurahisha Hesbon na kumtia hofu kwa pamoja.

Mwezi wa Februari 2024 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Alikuwa akisafishwa damu Busia, na Vivianne alikuwa pamoja naye kila safari. Aprili mwaka huu, akiwa kitandani, alimpigia simu Bwana Willis, ambaye sasa ni mmoja wa wachaguzi wa timu ya taifa ya wanawake.

"Kocha, kujeni mmuone Alaso huku."

"Hesbon, unajua hakuna mtu atakuja huko. Mlete."

"Nitamleta mwenyewe."

Hali yake ilizidi kudhoofika. Siku za mwisho, Alaso akiwa kando ya kitanda, alisema, "Hata kama ndiyo siku mnanizika, yeye aende." Vivianne alimkemea asitaje kuzika. Hesbon alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025.

Majaribio ya timu hiyo ya wanawake ni leo, Jumamosi tarehe 21 Juni. Baadhi ya wazee wameuliza mbona Alaso hayupo, na wengine wamesema ni aibu mwanafunzi kukosa maziko ya mwalimu wake. Familia ilikaa ikabishana. Mama ndiye aliyekata shauri: "Mwanangu alisema aende. Aende." Alaso aliondoka Alhamisi akilia.

Saa hii tunapozungumza, yuko uwanjani Nairobi. Tunajua ataulizwa ni wa wapi, na tunajua atakachojibu, kwa sababu alituambia, nasi hatukuthubutu kumshauri vingine. Hatujui watamwandika au watamcheka. Simu ya Vivianne iko mkononi na haijazimwa. Ikilia katikati ya sala akatoka nje, tunaomba asihukumiwe.

Marehemu ameacha mjane, Vivianne Auma. Watoto, Aluka na Egesa. Mama yake, Mama Aguti. Sisi ndugu zake, Asekenye na Opolot. Wakwe zake wa Sio Port wakiongozwa na Mzee Protus. Na wanafunzi wake wa Adungosi, waliopo hapa na aliye mbali.

Hesbon alingoja sana maishani. Mungu ampe sasa pumziko lisilo na kungoja.