Vumbi Nililoliita Salfa

Wazee wangu, mama zangu, na wenzangu tuliovua magwanda: sijaja hapa kulia. Machozi yangu niliyamalizia kilabuni, na hayakumsaidia hata muuza pombe.

Nilikuwa askari mwenye brashi. Tulipopelekwa kulinda amani nchi ya watu yenye vita, wenzangu walifungasha sabuni na dawa za malaria. Mimi nikaongeza rangi za maji. Nikajiona mtu wa maana sana. Watu wanakimbia na magodoro kichwani, mimi nachora milima. Tena milima mitupu, maana mkimbizi, eti, anaharibu mandhari. Upuuzi mtupu.

Asubuhi moja nilikuwa lindoni na mwenzangu, mtu wa Nambilanje huko Ruangwa. Yeye anachemsha chai, zamu ya kutazama ni yangu. Ng'ambo ya bonde likainuka vumbi la manjano kati ya miti, jua limelipiga. Ndugu zangu, nawaambia, lilipendeza! Nikashika brashi.

"Kule kuna nini, mwanangu?"

"Wanapuliza salfa."

Akacheka. Nani hapa hajui vumbi la salfa, dawa ya ukungu, linavyopanda kwenye mikorosho yetu? "Waambie wasinimwagie kwenye chai."

Sasa sikilizeni. Bonde lile nilishalichora. Miti yake nilishaihesabu mara mbili, na mkorosho haukuwemo hata mmoja. Nilijua ni gari. Nilitaka tu nimalize rangi kabla vumbi halijatua.

Lilikuwa gari la waasi, likatumiminia risasi. Mwenzangu akapoteza mguu wa kushoto. Mimi hata kikopo cha rangi hakikumwagika.

Kisha yeye, kitandani hospitalini, akanitetea kwa wakubwa: "Msimlaumu, huyu ni mtu wa Nachingwea, macho yake yamezoea salfa." Nikanyamaza. Nikarudi hapa kwetu Kiegei, watu wakanionea huruma, nami nikaipokea, nikadai na nyongeza. Nikanywa. Kila msimu wa kupuliza nilijifungia ndani kama kuku mgonjwa.

Msimu uliopita akaja, na mguu wake wa bandia, akagonga.

"Fungua! Sijatoka Ruangwa kuja kuongea na mlango."

Nikafungua, nikamwambia yote.

"Ulichora dakika ngapi?"

"Nne."

"Hesabu tena."

"Kumi."

Akavuta kigoda, akaketi. "Mke wangu aliitilia shaka hadithi yako ya salfa, nikagombana naye kwa ajili yako. Picha ipo?"

Nikaitoa.

"Mimi niko wapi hapa?"

Sikuwa nimemchora. Wala mimi mwenyewe.

"Tutie wote wawili. Na mguu wangu ni mmoja, usinizidishie."

Hakusema amenisamehe, nami sikuomba punguzo. Ila chupa sijaigusa tangu siku ile.

Namshukuru yeye, na ninyi mnaonikalisha kwenye benchi hili bila kunibembeleza. Niliyojifunza ni haya: ukipewa zamu ya kutazama, tazama. Na huruma isiyo yako irudishe mapema, kabla hujaizoea.

Picha hii hapa, pitieni mmoja mmoja. Askari wawili, miguu mitatu. Nimehesabu mara mbili.